Makaratasi ya Profesa Gilbert White: kwa nini dodoso la maji lina thamani kuliko nishani

Profesa akistaafu katika vyuo vyetu, ofisi hutakiwa ndani ya wiki chache. Mrithi anangoja funguo. Vitabu wanagawana wanafunzi wa uzamili, vyeti na picha za mahafali vinakwenda nyumbani, na kinachobaki, yaani mafaili, madaftari ya uwandani, ramani zilizokunjwa na madodoso yaliyojazwa kwa penseli, huishia stoo au jalalani. Nimechagua kisa cha mwanajiografia mmoja wa Marekani kwa sababu kinatuonyesha kwamba utaratibu huo uko kichwa chini miguu juu, na ushahidi wake unagusa mitaa ya Dar es Salaam, vijiji vya Uganda na vilima vya Kenya.

Gilbert Fowler White alizaliwa Chicago tarehe 26 Novemba 1911 na kufariki Boulder, Colorado, tarehe 5 Oktoba 2006. Alisoma Chuo Kikuu cha Chicago, akafanya kazi serikalini Washington wakati wa Rais Roosevelt, akawa mkuu wa Chuo cha Haverford mwaka 1946 akiwa na miaka 34, akarudi Chicago kufundisha jiografia katikati ya miaka ya 1950, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1970. Huko Boulder alianzisha kituo cha utafiti wa majanga ya asili mwaka 1976, ambacho kipo hadi leo. Alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Maisha marefu kiasi hicho huacha karatasi nyingi, na za White zilihifadhiwa.

Wasifu wa namna hii ndio unaosomwa kwenye mazishi. Lakini ukitaka kujua mtu huyu alifanya nini hasa na kazi yake inatufaa vipi leo, wasifu hautoshi. Inabidi uingie kwenye karatasi, na karatasi zenyewe hazina uzito sawa.

Mafuriko: kutoka tasnifu hadi sheria

Mwaka 1936 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya kudhibiti mafuriko. Mantiki yake ilikuwa ya kihandisi: mto unafurika, basi jenga bwawa, jenga tuta. White alikuwa kijana ndani ya ofisi zilizokuwa zikipanga mambo hayo, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1942, iliyochapishwa 1945, ilihoji mantiki hiyo kutoka ndani. Hoja yake iliyokuja kunukuliwa kuliko zote ni kwamba mafuriko ni kazi ya Mungu, ila hasara za mafuriko kwa sehemu kubwa ni kazi ya binadamu.

Sentensi hiyo imemfanya maarufu, lakini mimi naona sehemu yenye nguvu zaidi ya tasnifu ni ile isiyonukuliwa. White aliorodhesha njia nane ambazo watu wanaweza kuzitumia wanapoishi na mto: kuinua ardhi, kutunza miteremko na misitu ya juu ili maji yasishuke kwa kasi, kujenga matuta na mabwawa, kutoa tahadhari na kuhamisha watu, kubadilisha namna nyumba na barabara zinavyojengwa, kubadilisha matumizi ya ardhi ya bondeni, kutoa misaada, na kukata bima. Serikali ilikuwa inatazama njia moja, na kidogo ya misaada. Nyingine zote hazikuwa mezani, na hakuna aliyekuwa ameamua zisiwe mezani. Zilikuwa hazijafikiriwa tu.

Mwaka 1958 yeye na wenzake wa Chicago walichapisha uchunguzi wa miji 17. Baada ya miaka ishirini ya kujenga matuta kwa mabilioni ya dola, watu walikuwa wamezidi kujenga bondeni na hasara zilikuwa zinapanda. Tuta lilikuwa linawapa watu imani ya kusogea karibu na mto, na siku maji yanapopita kimo cha tuta, kilichoko nyuma yake ni kingi kuliko zamani. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa mara mbili. Bonde la Msimbazi limejaa na kumwagika mara ngapi, na mara ngapi watu wamerudi? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia zilihamishiwa Mabwepande, na bado Jangwani pale, kwenye njia ya maji inayojulikana na kila mzee wa Magomeni, kikajengwa kituo cha mabasi ya mwendokasi ambacho mvua za masika zimekifunika tena na tena.

Sasa tazama nyaraka zinavyofanya kazi. Mwaka 1966 White aliongoza kikosi kazi cha serikali kilichopendekeza sera mpya ya mafuriko, na miaka miwili baadaye bima ya taifa ya mafuriko ikaanzishwa kisheria. Anayesoma muhtasari wa kazi yake ataandika kwamba White ndiye baba wa bima ile. Anayesoma ripoti yenyewe ya 1966 ataona jambo jingine: ripoti ilionya kwamba bima ikitolewa vibaya, bila udhibiti wa ujenzi bondeni, itaongeza tatizo badala ya kulipunguza, kwa sababu itamlipa mtu aendelee kukaa hatarini. Wamarekani wamelumbana kuhusu jambo hilohilo kwa zaidi ya nusu karne sasa. Kumbukumbu ya kazi ya msomi isiyobeba tahadhari zake inamgeuza kuwa shahidi wa kutetea kitu ambacho yeye alionya dhidi yake.

Hii ndiyo sababu mhifadhi mwenye busara hatupi rasimu. Nakala ya mwisho inaonyesha walichokubaliana. Rasimu, barua za wajumbe na maandishi ya pembeni huonyesha walichobishania, nani aliona mbali, na ni sentensi gani iliondolewa dakika za mwisho.

Karatasi za nyumbani

Wapo wanaosema barua binafsi za profesa hazina kazi katika maktaba ya chuo. Kwa White hoja hiyo haisimami hata kidogo.

White alikuwa Mkweka, muumini wa jumuiya ya Kikristo inayokataa vita. Vita ya Pili ilipowafikia Wamarekani, alikataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 1942 alijiunga na shirika la misaada la Wakweka na kwenda Ufaransa kusaidia wakimbizi. Wajerumani walipoiteka Ufaransa ya kusini, alikamatwa pamoja na Wamarekani wengine na kuzuiliwa Baden-Baden, Ujerumani, hadi mwaka 1944. Mwaka huohuo alimuoa Anne Underwood.

Kipindi hicho kinaonekana hakihusiani na jiografia. Lakini angalia namna alivyofanya kazi baadaye. Wakweka kwenye mikutano yao hawapigi kura. Wanakaa, wanasikilizana, wanatafuta pale ambapo wote wanaweza kusimama, na mmoja akipinga kwa dhati wanangoja. White aliendesha tume na kamati kwa roho hiyohiyo, na hata nadharia yake ina sura hiyo: usianze na jibu, weka njia zote mezani, kisha uliza mtu wa bondeni mwenyewe anaziona zipi. Jiografia ya wakati wake ilipenda ramani na takwimu, na yeye alitaka kujua mkulima au mwenye duka anafikiri nini anapotazama mto. Mwanahistoria wa taaluma akinyimwa karatasi za miaka ya 1942 hadi 1944 atatafuta chimbuko la nadharia hii vitabuni tu, na atalikosa.

Karatasi za nyumbani zina kazi nyingine ambayo wahifadhi wengi wameitambua kwa kuchelewa. Anne White alikuwa mtafiti. Jina lake limo kwenye jalada la kitabu cha maji nitakachokieleza sasa hivi. Lakini mafaili huorodheshwa kwa jina la profesa, na mke aliyehoji, aliyehesabu, aliyeandika na kuhariri hutoweka chini ya neno "familia". Ni kasoro ya kimataifa, nasi tunayo. Ni profesa wangapi wa Kitanzania na Kikenya ambao tasnifu zao zilipigwa chapa na wake zao usiku, baada ya watoto kulala? Barua za nyumbani ndizo mahali pekee ambapo kazi hiyo huacha alama.

Kaya, debe na bomba

Kati ya mwaka 1966 na 1968, Gilbert White, Anne White na daktari wa magonjwa ya kitropiki David Bradley waliongoza utafiti wa matumizi ya maji ya nyumbani Kenya, Uganda na Tanzania. Walichagua vituo 34, mijini na vijijini, vyenye bomba na visivyo na bomba: Karuri nchini Kenya, Iganga nchini Uganda, Temeke na Dodoma kwetu, na vingine. Wanafunzi wa vyuo vya hapa ndio walioingia uani kuhoji. Nani anachota? Kwa chombo gani? Mara ngapi kwa siku? Kwa nini kisima hiki na si mto ule ulio karibu? Maji ya kununua yanagharimu kiasi gani? Walikokotoa hata nguvu za mwili, kalori, ambazo mchotaji huzitumia kupanda na ndoo kichwani. Kitabu kikatoka mwaka 1972 kwa jina la *Drawers of Water*, yaani Wachotaji wa Maji.

Mchango mmoja wa kitabu hicho unafundishwa leo katika kila kozi ya afya ya mazingira. Bradley aliyagawa magonjwa ya maji katika makundi manne. Yapo yanayobebwa na maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Yapo yanayoletwa na uhaba wa maji ya kunawa na kuoga, kama trakoma (ugonjwa wa macho) na upele, na sehemu kubwa ya kuhara iko hapa pia. Yapo yanayotegemea viumbe waishio majini, kama kichocho na konokono wake. Na yapo ya wadudu wanaozaliana kwenye maji, kama malaria. Kundi la pili ndilo lililotikisa mambo. Wahandisi walikuwa wakishughulikia usafi wa maji tu. Bradley alisema: mama mwenye maji safi lakini lita chache mno bado watoto wake wataumwa, kwa sababu hana ya kunawisha mikono. Wingi wa maji nao ni dawa.

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa. Miaka 30 baadaye, kati ya 1997 na 1999, kikundi kilichoratibiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Mazingira na Maendeleo ya London kilirudia utafiti uleule. Humo walikuwamo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, James Tumwine wa Makerere na Munguti Katui-Katua wa Kenya, pamoja na John Thompson. Walirudi kwenye vituo 33 kati ya vile 34 na kuhoji kaya zaidi ya 1,000.

Walichokikuta kinapaswa kumshtua kila anayeamini kwamba maendeleo huenda mbele tu. Matumizi ya wastani ya maji kwa mtu mmoja kwa siku yalikuwa yameshuka kutoka lita 61.4 hadi lita 39.6. Kaya zenye bomba zilikuwa zimeanguka kutoka lita 128 hadi 66, karibu nusu. Zisizo na bomba zilikuwa zimepanda kutoka lita 11 hadi karibu 20, ambazo bado ni chache. Bomba lilikuwepo ukutani, koki ilikuwepo, lakini maji yalikuja kwa mgao. Miji ilikuwa imekua maradufu kadhaa huku mitambo ikiwa ileile ya miaka ya 1960, na pengo likajazwa na wauza maji wa mikokoteni na jirani mwenye kisima.

Hakuna takwimu ya serikali iliyokuwa inasema hivyo. Takwimu rasmi huhesabu walio na bomba, na walio na bomba walikuwa wameongezeka. Ili kuona kwamba bomba lenyewe limekauka, ilibidi uwe na vipimo vya mwaka 1967 vya mitaa ileile, kituo kwa kituo. Wastani wa kitabu usingetosha.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo thamani ya karatasi inapoonekana kwa macho. Fikiria dodoso moja la kaya ya Temeke ya wakati ule. Msaili ameandika: "madebe matano". Debe la bati la mafuta ya taa, lililokuwa kipimo cha kila nyumba, lilichukua galoni nne za Kiingereza, kama lita 18. Dumu la plastiki lililokuja kuchukua nafasi yake ni la lita 20. Mtafiti wa miaka 30 baadaye, akikosa maelezo ya pembeni kuhusu chombo, atazidisha kwa 20, na kaya hiyo itaongezewa lita 10 kwa siku ambazo haikuwahi kuzichota. Lita 10 ni karibu sawa na maji yote ya mtu mmoja asiye na bomba kwa siku nzima, maana wastani wao ulikuwa 11. Kosa hilo dogo, likirudiwa kaya kwa kaya, linatosha kupotosha kipimo cha mabadiliko. Kinachokuokoa ni karatasi moja isiyo na heshima yoyote: maelekezo ya wasaili yanayosema debe ni nini, na ufunguo wa namba unaosema 1 ni mto, 2 ni kisima, 3 ni bomba la jumuiya. Hakuna anayeweka ufunguo wa namba kwenye fremu. Bila huo, hata masanduku kumi ya madodoso ni kuni.

Za nani, na ziko wapi

Jambo moja katika kisa hiki linaniuma, na naona ni haki kulisema. Utafiti ulifanyika Temeke na Iganga, majibu yalitolewa na mama zetu na bibi zetu, lakini nyaraka za profesa hufuata profesa. Za White ziko Marekani. White mwenyewe aliandika mwaka 1972 kwamba asingependa kuingia katika utafiti usioahidi matokeo yenye manufaa kwa watu wanaohusika, na kwamba mtafiti awe tayari kuchukua kila hatua inayowezekana kuyapeleka matokeo kwenye utekelezaji. Kwa kipimo chake mwenyewe, nakala za kidijitali za kila kinachohusu vituo vya Tanzania zingestahili kuwa katika East Africana, mkusanyo wa maandishi kuhusu Afrika Mashariki ulio katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, na za Kenya na Uganda vivyo hivyo huko kwao. Si kazi ya gharama kubwa, na teknolojia ipo.

Lakini lawama haziwezi kwenda upande mmoja. Mwaka 1967 mwanafunzi wa White, Robert Kates, aliongoza Dar es Salaam ofisi mpya ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, BRALUP, ambayo leo ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu. Wanajiografia wa Kitanzania waliolelewa hapo wamepima mvua, udongo, ukame na vijiji vya ujamaa kwa miongo mingi. Ripoti zao zilichapishwa. Madodoso je? Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazungumzia kumbukumbu za umma. Sanduku la profesa lililoko nusu ofisini na nusu sebuleni linaanguka katikati, na likianguka katikati, mchwa hawaulizi sheria. Kwamba mkusanyo wa mtu binafsi unaweza kuwa mali ya taifa tunajua, maana Kenya ilifanya hivyo kwa mkusanyo wa Joseph Murumbi, ulioko Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Murumbi, hata hivyo, alikuwa makamu wa rais. Mwanajiografia hana msafara wa magari, na mtu wa kumkumbuka lazima awe idara yake.

Mambo ya kufanya yanajulikana na wahifadhi. Mazungumzo yaanze miaka miwili kabla ya kustaafu, wakati profesa bado anakumbuka sanduku lipi ni la mwaka upi. Karatasi zisipangwe upya na mtu mwenye nia njema anayependa unadhifu, kwa sababu mpangilio wa mwenyewe ni sehemu ya ushahidi: barua iliyopachikwa ndani ya faili la mvua inasema kitu ambacho haitasema ikihamishiwa kwenye faili la barua. Hati ya kukabidhi iandikwe, ieleze hakimiliki ni ya nani. Barua za kuwapendekeza wanafunzi, alama zao na majina ya waliohojiwa vifungwe kwa miaka itakayokubaliwa, maana mwanakaya aliyesema mwaka 1985 kwamba anaiba maji ya bomba hakuwa anazungumza na polisi. Na jambo la kwanza kuulizwa liwe ufunguo wa namba na maelekezo ya wasaili, kabla ya nishani, kabla ya picha na rais.

Wasaili nao wana majina. Kijana wa miaka 22 aliyeingia uani Temeke na dodoso mwaka 1967 alizaliwa mwaka 1945 hivi. Wengine wa rika lake wapo, kwenye nyumba za wastaafu na kwenye mashamba, na wanakumbuka waliulizaje, nani alikataa kujibu, na kisima gani kilikuwa na ugomvi. Idara za jiografia za Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zinaweza kuwatafuta kwa simu na kinasa sauti, kupitia orodha za wahitimu zilizoko ofisi ya msajili, na kazi hiyo ingefaa ifanyike mwaka huu kuliko mwaka kesho.